Ukili wa Asubuhi

Barabara ya Kumi na Mbili,
Ngamiani, Tanga.
14 Oktoba 2024

Tausi mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, na tunaomba baridi ya Uswidi isikukaushe ukarudi kwetu kama samaki ng'onda. Mvua za vuli zimeanza kwa fujo, paa la duka langu limevuja likachagua mahali palipo na vitabu. Wifi yako Semeni anakusalimu. Mama anakusalimu zaidi ya sote. Ameketi karibu na mlango wa uani, ananiamuru niandike "salamu nyingi" mara mbili. Basi: salamu nyingi, salamu nyingi.

Masharti yake unayajua. Simu haitaki. Anasema simu ni maneno ya upepo, mwenzako akikata unabaki na sikio la moto. Barua anasomewa na Semeni leo, na kesho akitaka anasomewa tena. Kwa hiyo kila utakachoandika atakisikia. Nakukumbusha.

Sasa nije kwenye lenyewe. Ule mtetemo wa mkono wa kulia umeanza kugusa na wa kushoto. Vidonge vya Parkinson alivyoandikiwa na daktari anameza kila siku, hakosi. Na kazi yake hajaiacha. Miyaa ya mkindu inaletwa kutoka Tongoni, anaichambua, anasuka ukili, ule mshipi mrefu ambao baadaye hushonwa ukawa mkeka. Safari hii ukili ni wa msala wako wa kuswalia. Ndiyo, wako. Anasema haiwezekani mtu akasujudu maisha yake yote juu ya zulia la kiwandani. Lakini asubuhi, saa ambazo zamani vidole vyake vilikuwa vinakimbizana, sasa miyaa inamponyoka. Anasuka, anafumua. Anasuka, anafumua. Mimi nakaa dukani najifanya sioni.

Jumamosi akaja Rafaeli wa Muheza. Unamkumbuka, tuliyesoma naye, yule wa machungwa. Ameacha machungwa, siku hizi anauza makopo ya poda. Akaliweka kopo la rangi ya dhahabu mbele ya Mama. "Hii inaosha ubongo, kaka. Inaondoa sumu ya oksijeni."

Nikamwambia, "Rafaeli, kama oksijeni ni sumu, acha kupumua tupumzike."

Tukagombana mpaka chai ikapoa. Unajua miaka yote hii nimepigana na watu wanaoamini kwamba kila chenye faida hutoka mbali, ndani ya kopo, na maandishi yasiyosomeka. Lakini alipoondoka nikabaki na swali, na swali halikunitoka. Hivi mwili wenyewe hauna ulinzi? Muumba awashe moto kichwani mwa mtu asiweke mlinzi? Wewe kutwa unachungulia seli za ubongo maabara. Nijibu kama unavyomjibu mtu mwenye akili timamu.

Na uandike unakuja lini.

Kaka yako,
Uweso

*

Göteborg
9 Novemba 2024

Kaka Uweso, shikamoo.

Mama, shikamoo, najua unasikia. Wifi Semeni, habari za nyumbani? Huku jua linachomoza kwa kusitasita na kuondoka bila kuaga. Mimi mzima. Kazi ni nyingi.

Swali lako ni zuri kuliko Rafaeli anavyostahili. Ubongo ni mdogo, lakini unakula sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, kama jiko la shughuli lisilozimwa. Na penye moto hapakosi cheche. Oksijeni inapotumika, vipande vyake vichache hutoroka vikiwa na hasira, vikagonga kila vinachokutana nacho: mafuta ya ukuta wa seli, protini, hata maagizo ya urithi yaliyomo ndani. Chuma huota kutu, biringanya lililokatwa huwa jeusi. Seli nayo huharibika kwa namna hiyo hiyo, polepole. Zile zinazoendesha mikono ya Mama ziko hatarini kuliko nyingine, kwa sababu kemikali zinayoitengeneza, dopamini, yenyewe huharibika kama lile biringanya ikiachwa wazi.

Lakini mlinzi yupo. Wapo wengi. Mkubwa wao anaitwa glutathioni, na mwili humtengeneza wenyewe kutokana na vipande vitatu vidogo vya protini. Cheche ikija, glutathioni hujitokeza ikapigwa yenyewe badala ya seli, kisha kimeng'enya huifufua ikarudi kazini. Na neva haziachwi peke yake. Zina majirani, seli zenye umbo la nyota, ambazo huzipelekea malighafi ya kutengenezea ulinzi huo. Jirani anakuna nazi, anapitisha tui juu ya ua. Neva isiyo na jirani haifiki mbali.

Ukinywa glutathioni ya kopo, tumbo huivunja kama linavyovunja maharage, na kinachofika kichwani ni kidogo mno. Mwambie Rafaeli arudi kwenye machungwa. Nayo hayamponyi Mama, lakini angalau ni matamu.

Mlinzi mwingine, utashangaa, ni taka. Asidi ya uriki, ambayo mwili huibakisha baada ya kusaga vyakula kama maini na dagaa. Wenye nyingi kidogo katika damu wameonekana kupata ugonjwa wa kutetemeka kwa uchache zaidi. Jambo hilo lilitupa matumaini makubwa hapa maabara.

Naishia hapo, naitwa.

Mama, msala wangu ufume pole pole.

Tausi

*

Ngamiani, Tanga
2 Desemba 2024

Tausi mdogo wangu,

Alhamdulillahi, barua imefika, imesomwa mara tatu. Mara ya tatu ni Mama aliyetaka kusikia tena habari za jirani na tui. Amesema, "Kumbe kichwani mwangu mna Ngamiani nzima." Kisha akakukosoa: msala haufumwi, ukili ndio husukwa na msala hushonwa. Kusoma sana kumekusahaulisha. Mvua zimepungua, duka limekauka, vitabu vimevimba kama mandazi. Semeni amepata kifua lakini ameshapona.

Maini na dagaa! Unajua nilivyocheka? Wanatuletea makopo ya dhahabu, na mlinzi wa ubongo yuko sokoni Mgandini amelala juu ya gunia. Barua yako nimeisoma barazani mbele ya watu, na Rafaeli akiwapo. Akasema, "Basi na mimi nitatia dagaa kwenye kopo." Hana haya yule.

Kwa hiyo tumepanga. Kila asubuhi Semeni anapika supu ya maini, anatia na dagaa wa kusaga. Mama anakunywa bakuli zima pamoja na kidonge chake, maana dawa haimezwi na tumbo tupu, hilo hata mtoto analijua, na sisi si watu wa kumwacha mzazi ameze dawa kwa maji kama yatima. Yeye ananung'unika. "Mnanilisha kama paka wa sokoni." Lakini anakunywa.

Nimeuliza unakuja lini. Ukurasa wote umeujaza seli, jibu sikuliona.

Kaka yako,
Uweso

*

Göteborg
20 Januari 2025

Kaka, shikamoo. Mama, shikamoo.

Nisameheni kuchelewa. Giza limetukalia, na kazini kuna mabadiliko ambayo sitaki kuwachosha nayo. Nimefurahi Semeni amepona. Mama, nimekubali: husukwa, hushonwa.

Kuhusu supu, isizidi. Mbadilishieni. Mtu hawezi kula maini kila siku. Machungwa ya Muheza bado yapo?

Nitaandika vizuri nikipata nafasi.

Tausi

*

Ngamiani, Tanga
16 Februari 2025

Tausi,

Salamu. Sote tunapumua. Jua linachoma mpaka lami inanata. Barua hii sikumpa Semeni aisome kwa sauti, nimeifunga mwenyewe.

Ulipoandika mistari yako minne ile nilijua kuna kitu. Mimi si mtu wa maabara, lakini kusoma najua, na mtu akinijibu kwa ufupi hunifanya nisome kwa urefu. Nimesoma. Kumbe jambo lenu la asidi ya uriki lilishapimwa. Wagonjwa walipewa dawa ya kuipandisha, ikapanda kweli, na ugonjwa ukaendelea na safari yake kama kwamba hakuna aliyeusimamisha. Matokeo yametangazwa miaka kadhaa sasa. Wewe uliyajua, Tausi. Ulijua ulipoandika "matumaini makubwa," ukaitwa ghafla ukakimbia.

Nimesimama barazani nikaitetea barua yako mbele ya Rafaeli! Nimemwita tapeli mtu ambaye angalau kopo lake lina mfuniko. Na wewe? Mwenye poda huficha ukweli ili auze. Msomi huficha kwa nini? Haya ndiyo ninayoyapigia kelele kila siku: kwamba elimu yetu ikivuka maji inaanza kutuonea huruma, na huruma ya namna hiyo ni dharau iliyovaa kanzu.

Supu sitaikata. Ina nguvu, na mgonjwa anataka nguvu. Vidonge ndivyo vinavyonitia shaka. Anameza asubuhi na hakuna kitu. Mpaka karibu na adhuhuri yupo tu, mguu unaganda mlangoni, Semeni anaimba wimbo ili apate hatua. Mchana anaamka kidogo. Jioni tena afadhali. Dawa gani inayoamka baada ya mgonjwa? Nimeamua Idd ikipita tuviache vidonge. Mwili una walinzi wake, umeniambia mwenyewe. Waachwe wafanye kazi bila kuingiliwa.

Juzi kidole gumba cha mguu wa kushoto kimemvimba, chekundu, hataki hata shuka kiguse. Semeni anasema ameteguka.

Uweso

*

Göteborg
6 Machi 2025

Kaka Uweso, shikamoo na Ramadhani karimu.

Hii nayo usimsomee Mama. Au msomee, mimi nimechoka kuandika barua mbili ndani ya moja.

Ndiyo, nilijua. Nilikuwa miongoni mwa watu waliolia siku matokeo yalipotoka, maana sehemu ya kazi yangu ilisimama juu ya tumaini hilo. Sikukuandikia kwa sababu Mama alikuwa anasikiliza. Ningesema nini? "Mama, yupo mlinzi mzuri, ila tumemjaribu hakufaa"? Nikaacha sentensi mlangoni, wewe ukaiingiza jikoni. Umenitukana vizuri, lakini si kwa dharau. Nilitaka tu awe na kitu kizuri cha kufikiria akiwa anasuka.

Sasa nisikilize, na usibishe kabla ya mwisho wa ukurasa.

Kidole hakikuteguka. Asidi ya uriki ikizidi katika damu huganda ikawa chembe kali kama sindano, na hupenda kukaa kwenye kidole gumba. Watu wa zamani waliuita ugonjwa huo jongo. Mlinzi yule yule wa ubongo, akizidi, anamchoma mtu mguuni. Hakuna kitu mwilini chenye kazi moja. Kateni maini, kateni dagaa, mpelekeni Mama kwa daktari.

Na vidonge msivikate. Umechanganya mambo mawili. Walinzi ninaowasifu hulinda seli zilizo hai. Haziwezi kufufuka zilizokwisha kufa, na za Mama nyingi zimekwisha kufa, Kaka. Nimeliandika. Kidonge hakilindi chochote. Kinaleta malighafi ya ile dopamini ambayo seli zilizokufa zilikuwa zikitengeneza. Ukikikata ghafla, mtu anaweza kukakamaa kama ubao, akashikwa na homa inayoua. Hilo si tumaini wala dhana.

Kwa nini asubuhi hakifanyi kazi, sijui. Mimi ni mtu wa seli ndani ya vioo, si tabibu.

Usimpokonye.

Tausi

*

Ngamiani, Tanga
18 Machi 2025

Tausi mdogo wangu,

Ramadhani karimu. Barua yako haijafika, labda umenuna, lakini habari niliyonayo haina subira, na kununa kwangu kumekwisha. Nyumba yote inafunga, futari za Semeni zinaleta majirani wasioalikwa. Mama anakusalimu mno, na safari hii salamu zake zina mkono ndani yake.

Sikiliza. Mama ni mgonjwa, amesamehewa kufunga, na shehe amemwambia hivyo mwenyewe. Lakini unamjua. Siku ya kwanza Semeni alipotaka kumpikia supu akakataa. "Mwenye saumu asimame jikoni kuninusia maini? Nitapata dhambi ambayo sikuitafuta." Akameza kidonge chake asubuhi kwa maji matupu, akakaa. Chakula hakukigusa mpaka saa tano, uji tu na ndizi, tena amegeukia ukutani ili waliofunga wasimwone.

Saa mbili na nusu nikasikia mlio. Unaujua ule mlio wa miyaa ikivutwa? Kwamba mtu anakaza? Nikatoka dukani. Mama anasuka. Vidole vinakimbia, Tausi. Hafumui. Nikasimama kama mwizi, sikutaka anione. Na kesho yake hivyo. Na keshokutwa. Kidole cha mguu nacho kimenywea.

Nimekwisha kuelewa. Ni saumu! Nimesoma kwamba mwili ukinyimwa chakula huamsha ulinzi wake, seli husafisha taka zake, na wale kina glutathioni huongezeka. Wenzenu wamelijaribu kwa panya. Sisi tumelijua bila panya. Nimelihutubia baraza zima baada ya tarawehe, Rafaeli akaja na futari yake toka Muheza akakaa akanisikiliza, Mkatoliki yule, akasema Kwaresima nayo ni saumu, wagawane ushindi.

Idd ikipita vidonge vitaondoka, na Mama atafunga Jumatatu na Alhamisi.

Kaka yako aliyekusamehe,
Uweso

*

Göteborg
4 Aprili 2025

Kaka, shikamoo. Idd mubarak. Mama, Idd mubarak, na mkono wako nimeupokea. Barua hii msomewe wote.

Kaka, Mama hakufunga.

Rudia kusoma ulichoandika. Amemeza kidonge, amekunywa maji, saa tano amekula uji na ndizi. Hiyo si saumu, huko ni kuchelewa kufungua kinywa. Saumu inaweza kuwa na faida zake kwa seli, wapo wanaolichunguza kwa dhati. Lakini faida ya namna hiyo haiji siku ya kwanza saa mbili na nusu. Kilichobadilika asubuhi ile ni kimoja. Supu.

Nimekwenda kumuuliza mwenzangu anayetibu wagonjwa hawa, akanitazama kama mtu aliyeuliza maji huchemka vipi. Kidonge kile na protini ya nyama hupita mlango mmoja, kwanza utumboni, kisha tena kwenye ukuta wa ubongo. Ukivileta pamoja, nyama husukumana na dawa, na nyama ni nyingi. Kila asubuhi mlikuwa mnampeleka Mama mlangoni pamoja na harusi nzima ya maini, halafu mnauliza kwa nini bibi harusi hajaingia. Uliniandikia tangu Desemba, bakuli pamoja na kidonge, na mimi nikasoma nikapita, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye asidi ya uriki.

Kidonge kwa maji. Asubiri karibu saa nzima. Ndipo ale, na nyama aile jioni. Ni hayo tu, na daktari wake athibitishe.

Na kwa kuwa barua inatembea kwa miguu na wewe unakimbia, leo nimempigia simu Semeni. Si wewe. Semeni.

Tausi

*

Ngamiani, Tanga
12 Mei 2025

Tausi,

Salamu kutoka kwa wote. Masika yamekuja na kila kitu chake, barabara imekuwa mto, na paa nimeziba. Semeni mzima. Anacheka sana siku hizi, utajua kwa nini.

Umenizunguka. Katika nyumba yangu, kwa mke wangu, kwa simu. Nimekasirika nimeshindwa kula, kisha nikala. Sasa nakueleza mambo kama yalivyokuwa, usije ukayasikia kwa Semeni yakiwa na chumvi.

Siku ya Idd Mama aliamka vizuri, akavaa buibui jipya. Wageni wakaja mapema, pilau ya nyama ikapakuliwa, akameza kidonge chake katikati ya pilau. Wakamletea kahawa. Kikombe kilimshinda, Tausi. Kahawa ikamwagika juu ya buibui mbele ya watu wa Makorora waliokuja kumtazama, na yeye akauficha mkono chini ya kanga asubuhi nzima, akawa anaagana na watu kwa kichwa. Nikasema: saumu imekwisha na baraka zake zimekwisha. Kesho yake nikavitia vidonge kabatini, nikafunga.

Zile siku sitaziandika sana. Alikuwa gogo. Tulikuwa tunamgeuza. Barua yako ya Machi ilikuwa imefika, ndiyo, ilikuwa mfukoni mwangu, nilikuwa nimeisoma na kuijibu kichwani kwa majibu mazuri sana.

Asubuhi moja nikaamka nikasikia ule mlio. Miyaa inakazwa. Nikakimbia uani nimejifunga msuli tu kiunoni. Mama ameketi, anasuka, ananitazama. "Umeamkaje, mwanangu?" Siku iliyofuata hivyo hivyo. Nikaenda barazani nikatangaza: mmeona? Dawa ndiyo iliyokuwa adui! Mabaki yake yamemtoka mwilini na walinzi wamerudi kazini! Nimelisema kwa siku kadhaa, na ushahidi juu. Rafaeli akaniuliza kama naweza kumwandikia hilo abandike dukani kwake.

Semeni alikuwa akinisikiliza kutoka dirishani. Jioni moja akaniwekea ugali, akasema, "Mume wangu, ufunguo wa kabati unaufunga kwenye msuli, na msuli nafua mimi."

Alikuwa anampa. Tangu siku ulipopiga simu. Baada ya swala ya alfajiri, kidonge kwa maji, chakula baadaye kabisa, mimi bado nimelala. Na Mama alikuwa anajua yote. Mimi nikipita mapema anakibana kidonge ndani ya shavu, ananiitikia shikamoo yangu kwa kichwa.

Nikamwendea. Nikasema, "Mama, na wewe?"

Akasema, "Uliniuliza?"

Nimekaa na neno hilo. Nimewatetea watu wengi katika maisha yangu, kwa kalamu na kwa koo, watu wanaoamuliwa mambo yao na wengine. Basi.

Tumekwenda kwa daktari. Amesikitika kwamba hakuna aliyetueleza habari ya chakula, au labda alieleza na mimi ndiye niliyekuwa nazungumza. Kidole amekipa dawa. Ugonjwa haujasimama, amesema hautasimama. Njiani kurudi nilimwuliza Mama kama amelielewa hilo. Akasema, "Nimeelewa. Mgeni akiondoka humzuii. Unamsindikiza. Hivi vidonge vinanisindikiza, na njia bado ina kivuli."

Sasa ni hivi. Alfajiri, dawa na maji. Saa moja na nusu, uji. Maini tumemwachia Rafaeli.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha ukili. Mama amekata mwenyewe kwa kisu. Ni kile alichosuka tangu Desemba mpaka baada ya Idd, hakukifumua chote. Anza mwanzo wake utelezeshe kidole: kulegea huko ni asubuhi za supu. Panapokaza ghafla ni Ramadhani. Halafu pana mahali miyaa imekatika na kuungwa. Hapo ni Idd. Baada yake utapajua mwenyewe. Amesema, "Kibovu mpelekee mtaalamu akichunguze. Kizuri nashonea." Nimemwambia basi tuutume na msala ukiwa tayari, parseli zinafika. Akaniangalia kama nilivyokuwa namwangalia Rafaeli.

"Msala hautumwi," akasema. "Anayeutaka aje."

Mara mbili nimekuuliza kwa niaba yangu. Hili si langu.

Kaka yako,
Uweso

*

Göteborg
3 Juni 2025

Kaka Uweso, shikamoo. Wifi Semeni, Mungu akuweke. Mama, shikamoo.

Ukili umefika. Nimeuweka mezani kazini, kati ya darubini na kikombe changu, na watu wanaopita wanauliza ni nini. Nawaambia ni kazi ya mama yangu. Nimeupitisha kidole kutoka mwanzo, nikiwa nimefumba macho. Pale ulipokatika sikuweza kupita upesi.

Kuna jambo sikuwa nimewaambia. Yale mabadiliko ya kazini: kundi letu limevunjwa mwezi wa kwanza, na mimi nimepewa dawati katika utafiti wa watu wengine. Kila mlipouliza nakuja lini nilikuwa nangoja nije na kitu mkononi. Nilitaka niingie uani na kusema, Mama, nimempata mlinzi. Sikumpata. Wapo wanaomtafuta bado, na mimi nitaendelea kuwashikia taa. Lakini kwa kungoja ushindi ningekuja kukuta msala peke yake.

Nimekata tiketi. Nafika Tanga katikati ya Julai, nitakaa mpaka mwishoni mwa Agosti. Kaka, jiandae, nimebeba hoja mpya juu ya saumu, na safari hii panya wako upande wako kidogo.

Mama, ukiwa umeshaunganisha ukili wote, naomba ubakishe pindo. Usilishone. Nataka nikae hapo mlangoni pa uani nikutazame ukilishona, asubuhi, kabla ya uji.

Tausi